Shajara ya ukumbi: kuiongoza projekta ya silingi kwa waya wa siriali

Jumamosi, 7 Machi

Naanza kuandika leo kwa sababu najua nisipoandika nitasahau waya gani umeenda wapi, na siku moja atakuja kijana mwingine afungue hii raki, kabati la vyombo, na asijue aanzie wapi. Ukumbi ni wa kanisa, upande wa Lanet hapa Nakuru, ukijaa unabeba watu kama 400 na haukai bure, ibada, kwaya, mikutano ya vyama, semina za wakulima, harusi, kila wiki kuna kitu. Tuko na projekta moja ya Epson imefungwa kwa silingi, mita tano hivi kutoka sakafuni, na televisheni mbili za LG pembeni za watu wanaokaa chini ya roshani, hizo tulipewa na hoteli iliyokuwa inabadilisha vyumba.

Rimoti ya projekta ilipotea mwaka jana. Tangu hapo Mzee, keateka wetu, anaiwasha kwa ufito mrefu ambao ameufunga kipande cha patapata mwishoni, anapanda kwa kiti, anainua ufito kwa mikono miwili, anatafuta kitufe kwa kubahatisha. Ana miaka 68. Wiki jana nilikuwa nimeshika kile kiti na nikaona miguu yake inatetemeka, na hapo ndipo niliamua hii kazi naifanya, hata kama hakuna aliyenituma.

Kuna na shida nyingine. Projekta inajizima yenyewe katikati ya ibada, dakika 40 hivi na imezima, ukingoja kidogo inakubali kuwaka tena. Kamati inasema imezeeka na kuna mazungumzo ya kuitisha harambee ya kununua mpya. Nimeomba wanipe mpaka mwisho wa mwezi kabla hawajatangaza, wamekubali.

Mpango wangu ni huu. Nyuma ya projekta kuna tundu la pini tisa, RS-232, ndilo la siriali, data inapita biti moja baada ya nyingine, watu wengi huliona wakafikiri ni la kompyuta za zamani na wanaliacha. Kweli ni la zamani, hiyo RS-232 ilitolewa Marekani mwaka 1960 na toleo la C lililoenea sana ni la 1969, lakini mpaka leo projekta na skrini za kazi bado zinakuja nalo kwa sababu linafanya kazi. Unatuma maneno ya kawaida kabisa, PWR ON, na mashine inawaka. Ningeweza kununua rimoti nyingine na nimalizane na hii kitu, lakini rimoti inasema tu, haisikii. Siriali ina waya wa kwenda na waya wa kurudi, mashine inakujibu, na mimi hilo jibu ndilo nalitaka zaidi kuliko hata kuwasha.

Jumapili, 8 Machi, jioni

Baada ya ibada nilibaki. Nilileta Raspberry Pi yangu, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, adapta moja ya USB kwenda siriali niliyonunua hapa mjini Ijumaa, na waya wa mita tatu wa kujaribia. Pi ina pini zake za siriali pia lakini hizo ni za volti 3.3, RS-232 inacheza kati ya volti 3 na 15, chanya na hasi, ukiziunganisha moja kwa moja unaunguza Pi, mpaka uweke chipu ya kati kama MAX3232. Adapta inakuja na hiyo kazi ndani ndio maana nikaichukua.

Nikapanda ngazi, nikachomeka, nikashuka, nikafungua laptopu, kasi 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde, biti nane, bila pariti, stop biti moja, hiyo ndiyo Epson wanatumia. Nikatuma PWR?, yaani umewaka au umelala. Kimya. Nikatuma PWR ON. Kimya.

Kosa la kwanza nililipata baada ya nusu saa. Programu yangu ilikuwa inamalizia kila amri kwa herufi ya mstari mpya, ile namba 10, na projekta inangoja namba 13, ile inayoandikwa \r kwenye kodi. Mpaka iione hiyo 13 inaamini bado unaongea, kwa hivyo inakaa tu inakungoja umalize. Nikabadilisha. Bado kimya.

Nikaona wacha niijaribu adapta yenyewe. Unatoa waya, unaunganisha pini 2 na pini 3 kwa kipande cha waya mdogo, halafu unaandika chochote, kama adapta ni nzima unaona ulichoandika kinarudi kwa skrini maana inajisikia yenyewe. Yangu haikurudisha hata herufi moja. Imekufa. Nilimpigia aliyeniuzia na nikaongea naye kwa hasira kidogo, akaniambia niirudishe.

Jumatano, 11 Machi

Amenipa nyingine bila kubishana. Safari hii nimeijaribu hapo hapo dukani, herufi zinarudi.

Jioni nikaenda na maltimita na hii sehemu nataka kuiandika polepole kwa sababu imenisaidia kuliko maelezo yoyote. Waya wa RS-232 ukiwa umetulia, hakuna mtu anatuma, unakaa kwa volti hasi. Kwa hivyo ukiweka waya mweusi wa maltimita kwa pini 5, ambayo ni graundi, halafu uguse pini 2 na pini 3 kwa ule mwekundu, ile inayosoma hasi ndiyo inayoongea, na ile iliyo karibu na sifuri ndiyo inayosikiliza. Kwa adapta, pini 3 ilisoma -5.8. Nikapanda ngazi nikapima projekta, pini 3 pia hasi, -6.1. Maanake zote mbili zinaongea kwa pini 3 na zote zinasikiliza kwa pini 2, na waya wangu ulikuwa umenyooka, 3 kwa 3, ni kama watu wawili wameshikanisha simu mdomo kwa mdomo. Nikafungua konekta, nikakrosi, 2 kwa 3 na 3 kwa 2, ile 5 ikabaki 5 kwa 5. Nikasolda hapo hapo juu ya meza ya kwaya.

Nikabonyeza Enter tu, ile inayotuma 13, bila amri yoyote, na kwa skrini ikatokea alama moja.

:

Hiyo nukta mbili ndiyo projekta inasema niko, niambie. Nikatuma PWR? ikajibu PWR=00, imelala. Nikatuma PWR ON na nikasikia relei ikifanya tak kule juu na feni ikaanza kuvuta. Mzee alikuwa anafagia, akasimama na ufagio mkononi, akaniuliza, "Fundi, nani ameiwasha?" Nikamwambia ni mimi, Mzee, kutoka hapa. Akaja akasimama nyuma yangu akaangalia skrini muda mrefu bila kusema kitu.

Alhamisi, 12 Machi

Adapta ya pili imekufa.

Nilipanda kuchomoa ule waya wa kujaribia niweke lebo, mkono mmoja ukiwa kwa chuma cha projekta na mwingine umeshika konekta ya waya uliotoka kwa raki, na nikahisi kitu kama siafu wanatembea kwa kidole. Si shoti ya kukurusha, ni mwasho tu. Nikachomeka tena, nikashuka, hakuna jibu, nikajaribu pini 2 na 3, hakuna kinachorudi.

Nikachukua maltimita nikaiweka kwa volti za AC, waya mmoja kwa chuma cha projekta, mwingine kwa chuma cha raki. 112. Volti mia na kumi na mbili kati ya vyombo viwili ambavyo nilikuwa naviunganisha kwa waya mwembamba wa data. Nikafungua soketi ya silingi, na kweli waya wa athi, ule wa kupeleka stima iliyovuja ardhini, haujafungwa popote, umekunjwa tu nyuma ya kifuniko. Mashine za siku hizi zina kapasita ndogo ndani zinazopeleka kelele za umeme kwa athi, athi isipokuwepo zile kapasita zinagawanya stima katikati na ganda lote linaelea karibu nusu ya 240. Nguvu yake ni ndogo, kwa kawaida haiui mtu, lakini chipu ya siriali inatosha kabisa kuiua hasa ukichomeka pini ya data ikaguse kabla ya graundi.

Kwa hivyo ile adapta ya kwanza haikuwa mbovu. Niliichomeka kwa projekta kwanza ndio baadaye nikaijaribu, na ni mimi nilikuwa nimeiua. Nimempigia yule ndugu wa duka usiku huu nikamwomba msamaha na nimemtumia pesa ya adapta kwa simu. Amesema hakuna neno, lakini kwangu lilikuwepo.

Na nikafikiria ule ufito wa Mzee. Ni mti mkavu na mpira. Kama angeamua siku moja kupanda ngazi na kushika ile projekta kwa mkono akiwa ameshika na bomba la silingi, angeruka kwa mshtuko na kuna mita tano za kuanguka.

Jumamosi, 14 Machi

Fundi wa stima mwenye leseni amekuja, tumefuata ule waya wa athi mpaka kwa bodi, ulikuwa umekatika kwa boksi la kiungo juu ya silingi, akaurudisha na akapima soketi zote za ukumbi moja moja. Mbili zaidi hazikuwa na athi, zote za upande wa zamani. Sasa kati ya projekta na raki napata volti 0.4. Siku nzima imeisha kwa hiyo kazi na sijaandika hata mstari mmoja wa kodi, lakini naona ndiyo siku muhimu zaidi mpaka sasa.

Nimepitisha na waya wa kudumu. Umbali ni mita 18 kutoka kwa kibanda cha sauti. Wengine watakwambia RS-232 mwisho ni mita 15, hiyo inatoka kwa toleo la zamani, baadaye walibadilisha wakasema kinachopimwa ni kapasitansi ya waya, yaani chaji ambayo waya unaweka, isizidi pikofaradi 2,500. Waya wangu ni wa mtandao, Cat6, una kama 50 kwa mita, mara 18 ni 900, tuko mbali na mpaka na kasi ya 9600 si kubwa. Kitu cha kuangalia ni jozi, usiweke waya wa kutuma na wa kupokea kwa jozi moja iliyosokotwa pamoja maana zitasikilizana, kila moja isokotwe na graundi yake. Mimi nimetumia ya bluu na nyeupe-bluu kwa kutuma, ya kijani na nyeupe-kijani kwa kupokea, zile nyeupe zote mbili zimeenda pini 5. Nimeandika kwa karatasi na nimeibandika ndani ya mlango wa raki.

Adapta mpya tatu nimeagiza Nairobi, barabara ya Luthuli, zile zenye ukuta wa mwanga ndani, stima ya upande mmoja haigusani na upande wa pili. Zinakuja na shato ya Jumatatu.

Jumanne, 17 Machi

Adapta zimefika na zote tatu zinajisikia vizuri. Leo ilikuwa siku ya televisheni.

LG wana lugha yao, ni tofauti na ya Epson. Unatuma ka 01 01 halafu ile 13, hiyo ka ndiyo amri ya stima, 01 ya kwanza ni namba ya televisheni, 01 ya pili ni washa, 00 ni zima. Ikikubali inajibu a 01 OK01x, ikikataa inasema NG badala ya OK. Na ukiweka ff mahali pa washa, haifanyi kitu, inakwambia tu iko namna gani. Hizi zilikubali mara ya kwanza, waya ni wa kukrosi vile vile. Namba zao nimezitenganisha, kushoto 01 na kulia 02, ingawa kila moja ina waya wake, ili mtu akisoma jibu ajue ni ipi imeongea.

Kila kampuni na lugha yake, hii ndiyo kitu ngumu kwa mtu anayeanza. BenQ unaandika *pow=on# na ile 13 mwanzo na mwisho. Samsung hawatumii maneno, wanatumia namba tupu, AA 11 01 01 01 14, na hiyo 14 ya mwisho ni jumla ya zile nne za katikati, ukikosea jumla haikusikii. Kitabu cha mashine ndicho cha kutafuta kwanza kabla hujanunua hata waya.

Usiku nimeandika programu kwa lugha ya Python na pyserial, kifurushi chake cha kuongea na siriali. Ukurasa mdogo unaofunguka kwa simu ukiwa kwa waifai ya ukumbi, batani tatu, Washa, Zima, Funika. Funika ni MUTE ON, picha inaziba bila kuzima taa, nzuri wakati wa maombi.

Nimejifunza kitu hapa. Nilikuwa naandika washa, ngoja sekunde mbili, halafu SOURCE 30 ambayo kwa hii projekta ni HDMI ya kwanza. Ilikuwa inarudisha ERR au inanyamaza. Sababu ni kuwa taa yenyewe ni ya mvuke wa zebaki, ndani mgandamizo unapanda kupita mara 200 ya hewa ya kawaida ikiwa moto, haiwezi kuharakishwa. Ukiuliza PWR? wakati huo inakujibu PWR=02, napasha. Ikiwa tayari inasema PWR=01. Ukizima inasema 03, napoa. Kwa hivyo nimetoa zile sekunde zangu za kukisia zote. Sasa programu inauliza kila sekunde tatu na inangoja ijibiwe 01 ndio iendelee. Amri yenyewe haichukui muda, PWR ON na ile ya mwisho ni herufi saba, kila herufi biti kumi, kwa 9600 hiyo ni chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde, muda wote uliobaki ni mashine inajitayarisha na inafaa kupewa nafasi.

Jumapili, 22 Machi

Ibada ya kwanza na mfumo mpya. Nilimpa simu kijana wa vyombo, akabonyeza Washa, skrini haikuonyesha kitu, akabonyeza tena, na tena, nilihesabu kwenye faili ya kumbukumbu, mara sita. Kila moja ikaingia kwa foleni na ibada ilipoanza ukurasa ulikuwa umekwama. Si kosa lake. Mtu akibonyeza kitu na asijibiwe atabonyeza tena, mimi nilikuwa napata majibu ya projekta na nilikuwa nimeyaweka kwa faili ambayo naisoma peke yangu. Mchana nimebadilisha, sasa juu ya ukurasa kuna neno moja kubwa kwa kila chombo, Imelala, Inapasha, Imewaka, Inapoa, na batani inafungwa mpaka neno libadilike.

Lakini hilo silo kubwa la leo. Saa nne na dakika ishirini, katikati ya mahubiri, projekta ikazima kama kawaida yake. Wazee wa kamati wakageuka wakaniangalia. Safari hii nilikuwa kwa laptopu, na badala ya kuiwasha tena nikaiuliza. Kuna amri ya ERR?, unauliza una shida gani. Ikajibu ERR=04.

Nikafungua kitabu. 04 ni joto la ndani limezidi.

Nilikaa hapo nikiangalia hiyo namba. Hii mashine haijazeeka, inaziba pumzi. Imekuwa ikisema hivyo kwa miezi, kwa kitaa kidogo cha rangi ya chungwa kilicho kule juu kwa silingi, mahali hakuna binadamu aliyekuwa anakiangalia.

Nikauliza LAMP? pia. LAMP=2127. Masaa elfu mbili na mia moja na ishirini na saba, taa kama hii bado ina maisha.

Jumatatu, 23 Machi

Nimepanda na Mzee ameshika ngazi. Filta ilitoka kama kipande cha blanketi, ya kijivu, nene, ukiigonga inatoa vumbi. Jina la huu mji wenyewe wanasema ni la Kimaasai na linahusu vumbi, na kuanzia Januari mpaka mvua ije barabara ya huku inaingia ndani ya ukumbi na kila gari. Hakuna aliyewahi kuisafisha maana hakuna aliyejua iko. Nimeisafisha kwa vakyumu polepole kwanza, nimeagiza nyingine mpya.

Halafu kitu cha pili, ambacho ningekuwa sijui kama sikusoma kurasa za nyuma za kitabu. Epson wanasema ukiwa juu ya mita 1,500 uwashe hali ya mwinuko kwenye menyu. Nakuru tuko kama mita 1,850. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa, feni ikizunguka kasi ile ile inabeba joto kidogo, ukiwasha hiyo hali feni inaongeza mbio. Aliyeifunga hakuiwasha. Kisumu kwa dada yangu ni kama mita 1,130, kule hawahitaji, lakini mtu wa Nakuru, Eldoret, Kericho, nenda uangalie yako leo.

Na menyu bila rimoti nimeifungua kwa waya. Kuna amri za KEY zinazoiga vitufe, juu, chini, ingia, rudi. Nilikuwa nimesimama chini nikituma moja moja na Mzee ananisomea skrini, "Chini tena. Chini tena. Hapo, hapo simama." Tulimaliza kwa dakika kumi.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua ya kwanza kubwa, radi upande wa Menengai, stima ikapotea mara tatu kati ya saa kumi na saa kumi na mbili. Ilivyorudi nikajaribu kuzima projekta na ikakataa, jibu halikuja, ukurasa ukaandika Haijibu kwa projekta na kwa televisheni ya kushoto. Nilijua si bahati mbaya vile mbili zimenyamaza pamoja.

Pi ilipowaka upya ilizipa adapta majina kwa mpangilio mwingine. Iliyokuwa ttyUSB0 sasa ni ttyUSB1. Nilikuwa naiambia televisheni PWR OFF, ambayo si lugha yake, na projekta naiambia ka 01 00. Adapta za aina hii nyingi hazina namba ya pekee ndani, zote tatu zinajitambulisha sawa, kwa hivyo jina la by-id, linalotokana na hiyo namba, halikunisaidia. Nimetumia lile la by-path, linafuata tundu la USB lenyewe, na nimeandika kwa rangi juu ya kila tundu, P, K, L. Ukichomoa rudisha ulikotoa. Pia nimefanya programu ikiamka ianze na kuuliza kila waya swali la salamu kabla ya kutuma amri yoyote, projekta inafaa kurudisha nukta mbili na televisheni OK, ikirudi kitu kingine inakataa kuendelea na inasema kwa nini.

UPS ndogo, betri ya akiba, tuliyokuwa nayo ya kompyuta ya ofisi nimeiomba, imebeba Pi na ruta. Projekta sijaiweka huko, inavuta sana.

Jumamosi, 28 Machi

Nimemfundisha Mzee. Nilidhani nitatumia muda mwingi na haikuwa hivyo, anasoma vizuri kuliko vijana wengi, tatizo lilikuwa maandishi madogo tu, nimeyaongeza mara mbili. Nimemwekea ukurasa kwa simu yake. Leo ameiacha projekta ikiwaka masaa matatu na nusu mfululizo, kwaya ilikuwa na mazoezi, na kila nusu saa nilikuwa nauliza ERR?. Mara saba, 00 mara saba.

Nimepeleka karatasi moja kwa mwenyekiti wa kamati, zile namba tu na siku zake, 04 ya tarehe 22 na 00 za leo. Amesema harambee waisimamishe kwanza, na kama kutakuwa na mchango basi uende kwa athi ya zile soketi mbili na taa za ngazi ya nyuma. Mama wa kwaya ameniuliza kama mikisa ya sauti inaweza kuingia hapo pia. Hii yetu haina tundu lolote la kuiongoza, nimemwambia ukweli.

Jumapili, 29 Machi

Ibada zote mbili zimeisha na picha haijakatika. LAMP=2139. Filta mpya inafika wiki hii, nimeandika kwa ukuta wa kibanda tarehe ya kuisafisha, kila mwisho wa mwezi, na mwezi wa kiangazi mara mbili.

Jioni nilikuwa nimefika nyumbani ndio simu ikalia, ni Mzee.

"Fundi, nimebonyeza Zima. Imeandika Inapoa."

"Usizime kwa ukuta bado, Mzee. Ngoja iandike Imelala."

Nikasikia akivuta kiti akikaa. Tukangoja wote wawili kwa simu, hakuna aliyeongea, nikisikia feni kwa mbali.

"Haya. Imelala."

"Sasa zima ya ukuta, Mzee, ufunge mlango."